Nephtali na Kwadi ya Mchangani

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nimekosea. Mwaka 2021 nilikuwa bado Basoko kwa binti yangu, nikiuguza goti. Basi ni 2022, mwezi wa pili, maji ya mto yalipopungua hapa Kisangani mpaka mitumbwi ya motere inayotoka Barumbu na Basoko ikashindwa kufika ukingoni. Ilisimama mbali, kwenye ncha ya mchanga, na kutoka pale mpaka barabara ya magari ulikuwa mchanga mtupu, mkavu juu, laini chini. Mwenye mzigo alitembea nusu saa, na jua halikumwonea huruma.

Mizigo ilivushwa na wanawake, kichwani: mchele, makaa, ndizi za kupika, samaki wa moshi. Ursule, mke wa Nephtali, alikuwa mmoja wao kwa miaka kumi na minne. Shingo yake ilishaanza kuzama katikati ya mabega. Mkono wa kuume ulikuwa unakufa ganzi, asubuhi hakuweza kufunga kifungo cha blauzi, na Nephtali ndiye aliyemfungia. Muuguzi wa dispensari alimwambia maneno mafupi. Alisema mifupa ya shingo inabana mshipa, na akibeba msimu mmoja tena, ule mkono hautarudi.

Ursule alicheka akasema muuguzi amuonyeshe basi mtu mwingine wa kubeba.

Nephtali mwenyewe ni mtoto wa maporomoko. Baba yake alikuwa na nguzo zake pale kwenye maji makali, na vikapu vikubwa vya kutegea samaki, na haki ile inarithiwa. Lakini Nephtali alimwachia mdogo wake nguzo. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa siku aliyokuta motere ya mtumbwi imefunguliwa vipandevipande juu ya turubali, fundi na mwenye mali wamegombana, fundi amejiendea zake. Nephtali alikaa chini akaanza kuiunga. Siku ya tatu ikawaka. Ilibaki bisi moja, skrubu ndogo, ambayo hakujua mahali pake, akaitia mfukoni, na mpaka nywele zimeota mvi bado alikuwa nayo. Watu walimtania kwamba motere zake zote zinatembea kwa kukosa ile bisi.

Hakuwa mtu wa maneno. Alisoma motere kwa kidole na kwa pua. Lakini kila motere aliyowahi kuitengeneza ilikuwa imekaa na mguu ndani ya maji, mto unaipoza. Hilo mlikumbuke.

Sasa Papa Aboubakar. Ni mfanyabiashara wa ile jamii ya zamani ya Waislamu hapa mjini, mtu wa sala tano, mpole, neno lake halina la pili. Nusu ya mizigo iliyokuwa inashuka pale ilikuwa yake. Mzungu mmoja aliyekuwa anachunguza nyani huko msituni alirudi kwao, akamwachia kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne. Motere yake ilikuwa ya deux temps, kama zile za mitumbwini, inayokunywa esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta. Papa Aboubakar akaifungia kigari nyuma, akaona wanawake watapumzika na mchele wake utafika haraka.

Bila mzigo iliruka. Ukiweka magunia matatu, ilijichimbia shimo na kulala ndani kama mbwa mwenye joto.

Akamwita Nephtali. Alisema ana ndugu Dubai anayekuja mara moja tu kwa mwaka, na nafasi ni ya katoni moja. Nephtali achague vitu vya kuipa ile motere nguvu ya mchanga, katoni ijae, basi. Kama kwadi itavusha mizigo msimu mzima, Ursule hatabeba tena. Atapewa kibanda pale juu ya ukingo, achome mikate yake na kuwauzia wasafiri, na Nephtali atakuwa fundi wa motere zote tano za Papa Aboubakar.

Nephtali alirudi nyumbani, akamtazama Ursule akipepea moto kwa mkono wa kushoto. Hivyo aliniambia mwenyewe baadaye. Mimi wakati ule nilikuwa nalala kwao, nyuma ya nyumba, kama nilivyolala nyuma ya nyumba za watu wengi.

Siku ya kuchagua tulikutana palepale mchangani. Djuma, mtoto wa Papa Aboubakar, mwanaume wa miaka kama ishirini na nane, ndiye aliyekuwa anaendesha kwadi, na alikuja na simu yake. Ndani ya simu mlikuwa na Waarabu wa jangwani wanapanda milima ya mchanga na kwadi, vumbi nyuma kama moshi wa msitu unaoungua.

"Ya Nephtali, tazama," alisema, kama unavyomwita kaka. "Hawa ni batu ya muchanga kabisa. Wanaweka silinda kubwa na pot ya course, basi. Inaruka."

"Inabeba nini?"

"Inabeba mutu."

"Sisi tunabeba mchele," Nephtali alisema.

Djuma hakukubali. Alieleza kwa muda mrefu habari ya silinda kubwa, jinsi inavyopumua, na lile bomba la moshi la mashindano linavyolia. Nephtali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua gunia la mihogo, akamtwika Djuma mabegani, akamwambia akimbie. Djuma ni kijana wa nguvu, akakimbia. Hatua kumi, kumi na mbili, halafu mchanga ukamshika miguu, akapiga magoti.

"Djuma, ongeza silinda," Ursule alimwambia, na wanawake wote wakaanguka kwa kicheko.

Nephtali peke yake hakucheka. Alimwinua kijana, akamwambia Papa Aboubakar kwamba kwenye mchanga na mzigo hakuna mbio, kuna mwendo. Yeye anataka pignon ya mbele, ile gia ndogo ya mnyororo, yenye meno machache, ili gurudumu lizunguke polepole lakini kwa nguvu. Anataka matairi ya nyuma yenye vijiko, yale yanayochota mchanga kama kasia linavyochota maji. Anataka sifongo kubwa la kuchuja hewa, kwa sababu chembe moja ya mchanga ndani ya silinda inafanya kazi ya tupa. Anataka radiateur, kile kisanduku cha maji ya kupoza motere, kubwa kuliko ile iliyopo, kwa kuwa motere itafanya kazi nyingi na mwendo mdogo, hakuna upepo wa kuipoza. Na bomba la moshi, ndiyo, libadilishwe, lakini si lile la kulia. Liwe lile linaloanza kuvuta tangu motere ikizunguka polepole. Silinda aiache kama ilivyo.

Papa Aboubakar alivuta tasbihi, punje moja moja. Mtoto wake alimwangalia usoni, akitumaini.

"Uliyechagua ni wewe," mzee alimwambia Nephtali. "Ikikufa, sitauliza mungine."

"Ikikufa, ni mimi."

Katoni ilikuja mwezi wa tatu, na maji bado yalikuwa chini. Nephtali alifanya kazi siku nne chini ya turubali. Kilichomsumbua si pignon wala matairi. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, kile kitundu cha shaba ndani ya carburateur ambamo esansi hupita, mafundi wanakiita gicleur. Akishabadilisha sifongo na bomba, motere inavuta hewa nyingi zaidi, basi na kitundu lazima kiwe kipana zaidi, la sivyo itawaka kwa njaa. Katoni ilikuwa na vitatu. Kikubwa kiliizamisha motere kila ilipopanda ukingo. Kidogo kiliipa moto mpaka rangi ya bomba ikabadilika. Cha katikati kilikuwa chenyewe. Alifungua buji, kile kinachotoa cheche, akatuonyesha rangi yake: ya karanga iliyokaangwa vizuri. Lakini akaniambia nafasi ya kukosea ni nyembamba. Kitundu kikubwa kidogo kupita hiki angekipenda, hakikuwemo.

Mimi nilipewa kazi ya kuchanganya, kazi ya kukaa kivulini, inayonifaa. Nephtali alinipa kopo tupu la nyanya.

"Tonton Valère, kopo mbili ya mafuta kwa bidon moja ya lita makumi mbili. Haiko moja, haiko tatu."

Nikamwambia kwamba huku mtoni tumezoea kuongeza. Ni kweli, hivyo ndivyo tulivyo. Mtu anayependa motere yake anaizidishia mafuta, na motere inayotoa moshi mzito tunasema imekula. Baba zetu walifanya hivyo, na motere zilishuka mpaka Basoko na kurudi.

Alipangusa mikono. "Mafuta na esansi banapita mulango moja, tena ya kadogo. Ukiingiza mafuta mingi, esansi inabakia inje. Moteur inakosa chakula, inapata moto. Ku maji hauoni, juu mto inaipoza. Hapa hakuna mto."

Nilielewa. Nawaambia wazi kwamba nilielewa, nisije nikajificha mbele.

Wiki nne ile kwadi ilitembea kama ng'ombe wa kulima, bila haraka, magunia sita nyuma, vijiko vya matairi vikichota. Djuma mwenyewe aliacha kutazama simu. Ursule aliitundika ngata yake, ule mviringo wa kitambaa wa kuwekea mzigo kichwani, kwenye msumari wa kibanda, akachoma mikate. Wale wanawake wengine hawakupata kibanda, wengine walimsema, wengine walikwenda kulima. Hilo nalo lilikuwepo. Lakini asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni anafunga vifungo vyake mwenyewe, kimoja kimoja, ulimi nje kama mwanafunzi anayeandika. Nephtali alikuwa nyuma yake, mikono inaning'inia, hana kazi ya kufanya nayo. Sikuwahi kuona mtu amefurahi vile kwa kunyang'anywa kazi.

Halafu akaitwa Banalia. Mtumbwi wa parokia moja huko ulikuwa umeharibika motere, na padri alituma mtu. Nephtali alisema siku nane. Aliikagua kwadi, akaosha sifongo, akanionyesha tena vidole viwili, akaondoka na lori.

Siku ya kwanza ilikuwa sawa. Siku ya pili mzigo ulikuwa mwingi, na Ursule aliisikia motere ikilalamika kwenye kupanda ukingo. Ililalamika kila siku, ni sauti yake tu. Lakini mumewe hayupo, na yeye sasa aliisikiliza ile mashine kama mtu anavyosikiliza mtoto mwenye kikohozi. Asubuhi ya tatu alikuja na chupa ya mafuta aliyonunua kwa pesa ya mikate yake, na kopo lake, jipya, lenye karatasi nyekundu.

"Papa Valère, iko inakunywa kidogo sana," alisema.

Nikamwambia Nephtali amesema mawili.

"Nephtali iko Banalia. Hii machine iko inafanya kazi yangu. Mutu akikufanyia kazi, utamupimia chakula na kopo?"

Akamimina moja juu ya yale mawili yangu. Akanitazama, akamimina la pili. Mimi nilicheka. Lile jibu la Nephtali nilikuwa nalo mdomoni, lote, mlango mmoja na chakula na moto, na sikulitoa. Mtu akiwa amekaa katika nyumba za watu maisha yake yote anajifunza kutokumkataza mama wa nyumba. Na tena, niseme kweli, moyoni nilifikiri kama yeye. Nephtali nilimwamini kwa kichwa, lakini mkono wangu ulikuwa ule wa zamani, wa mtoni.

Alifanya hivyo kila asubuhi. Kwadi ikatoa moshi wa buluu mzuri, mzito, na waendeshaji wa mitumbwi wakaisifu kutoka mbali. Walisema sasa inakula. Djuma pia alipendezwa. Ursule akawa anaigonga tangi kidogo kwa kiganja cha mkono wa kuume kabla haijaondoka, kama unavyomgonga mtu begani.

Siku ya sita, saa tano asubuhi, ilikuwa katikati ya mchanga na magunia sita ya mchele. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikakatika. Magurudumu ya nyuma yalishikana palepale na kuchora mistari miwili, na Djuma akarushwa mbele ya usukani. Hakuumia. Tuliingoja ipoe, tukavuta kamba ya kuwashia. Haikuzunguka hata kidogo.

Nephtali alirudi baada ya siku mbili. Mtu alishamwambia njiani, nilimwona anakuja kwa miguu mchangani bila kuweka begi chini kwanza. Papa Aboubakar alikuwepo, na Djuma, na wanawake waliorudi kubeba. Ursule alisimama kidogo pembeni. Nephtali alifungua kichwa cha motere. Piston ilikuwa imeyeyuka ubavu mmoja na kujipaka kwenye silinda. Alitazama sifongo: safi, hakuna chembe. Alitazama radiateur: maji yamejaa. Alitazama buji: nyeupe upande mmoja, kama mfupa, upande wa pili ina lami.

Kisha akaingiza kidole ndani ya bomba la moshi. Kilitoka kimelowa mafuta meusi, mazito. Akakisugua na dole gumba, akanusa.

Aligeuza kichwa taratibu mpaka kwenye kivuli changu. Bidon ilikuwa pale. Kopo langu lenye kutu lilikuwa pale. Na kando yake lile la karatasi nyekundu. Aliliangalia muda wa kutosha mtu kufunga vifungo vyote vya blauzi. Halafu akamwangalia Ursule, ambaye alikuwa ameushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, hajui ameushika.

Akajipangusa kidole kwenye suruali.

"Nilichagua tundu mubaya," alisema. "Ni mimi."

Papa Aboubakar hakupandisha sauti. Alisema hana hasira, lakini neno ni lile alilosema, hatauliza mwingine, na Nephtali asiguse tena motere yake hata moja. Djuma ndiye aliyegeuka kwa wanawake. Hakuwa mtoto mbaya, ila aibu ya gunia la mihogo ilikuwa bado inamwasha.

"Mama Ursule," alisema, "tuongeze nini sasa?"

Hakuna aliyecheka.

Mvua ilishaanza kunyesha huko juu, na mchanga ule ungefunikwa muda si mrefu. Papa Aboubakar alitaka mali yake itoke siku ileile. Wanaume waliburuta mwili wa kwadi kwa kamba. Motere ilikuwa imefunguliwa, imefungwa ndani ya gunia. Nephtali na Djuma walijaribu kuibeba kwa mti mabegani, mti ukawateleza, mchanga ukawameza mpaka magotini. Ndipo Ursule alipokwenda kibandani akaitoa ngata kwenye msumari. Akarudi, akapiga magoti.

"Munitwike."

Nephtali alisema hapana. Alisema mara mbili. Wanawake wakamtwika, yeye akainuka, akatangulia. Nephtali alimfuata nyuma hatua moja, mikono mbele, kana kwamba ataidaka ikianguka. Ursule hakugeuka kumwangalia, lakini aliongea, na sote tulisikia.

"Uliitoa mizigo ku kichwa yangu, na ni weye umeirudisha."

Mkono wa Ursule haukurudi. Sasa umekauka kidogo, anaubeba ndani ya kitenge. Anaishi kwa dada yake, anauza nyanya sokoni, na akiulizwa habari ya mumewe anasema alikuwa fundi wa kuchagua, alichagua vibaya, yamekwisha. Nimekula kwake mara nyingi. Huniwekea samaki mkubwa, ananiita papa. Kila mara nakwenda na maneno yangu tayari, habari ya mafuta yale, na kila mara nayameza pamoja na samaki. Najiambia nikimwambia, nitakuwa nimemvunja kitu ambacho Nephtali alikilinda. Huenda ni kweli. Huenda ni ile tabia yangu tu ya nyumba za watu.

Wenye motere wengine walimfuata Papa Aboubakar, hakuna aliyempa Nephtali kazi tena. Alikwenda Barumbu. Mwaka jana nilishuka na mtumbwi nikamkuta pale, anashona nyavu za watu. Motere zilipita mtoni, moja inakohoa vibaya sana, mtu yeyote angesikia, na yeye hakuinua kichwa. Bisi ile alishaitupa. Nilikaa kwake siku tatu. Siku ya mwisho, mtumbwi wangu unaita, nilimuuliza. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaniuliza kama nimefungiwa chakula cha njiani. Hakunijibu siku ile, na kwa barua mbili nilizompelekea hakunijibu, na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Nephtali, lile kopo la karatasi nyekundu, ulijua ni la nani?